Mapigo ya Moyo wa Shemeji

Kwa sehemu kubwa ya msimu uliopita nilifuatilia moyo wa mtu mmoja nikiamini ni wa mtu mwingine, na sikugundua. Ningeweza kusema kwamba nilidanganywa, na ingekuwa kweli. Lakini kazi niliyoajiriwa kuifanya katika klabu ile ilikuwa ni hiyo tu, kugundua. Sikuwa kocha, wala daktari wa timu. Nilitoka chuo kikuu, ambako bado ninafundisha sayansi ya mazoezi ya mwili, nikaletwa klabuni ili niisome miili ya wachezaji na kumshauri kocha nani apumzishwe, nani aongezewe mzigo na nani amekwisha. Wachezaji waliniita Mama Namba. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowaonyesha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mchezaji alikuwa na kizibao cha kubana, cha kuvaa ndani ya fulana ya mazoezi, chenye mfuko mdogo mgongoni kati ya mabega. Ndani ya mfuko huo kiliingia kidude chenye ukubwa wa kiberiti, ambacho kilisoma umbali aliokimbia mtu, kasi yake na mapigo ya moyo wake. Kila kidude kilikuwa na namba ya mwenyewe. Asubuhi vidude vilipangwa mezani katika chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu akachukua chake. Baada ya mazoezi vilirudishwa pale pale, nami nikavichukua na kuvihamishia kwenye kompyuta. Siku za mechi hatukuvitumia, kwa kuwa wachezaji walilalamika kwamba vinawawasha. Ofisi yangu ilikuwa ghorofani, na dirisha lake liliangalia maegesho ya magari. Uwanja ulikuwa upande wa pili wa jengo. Sikumbuki hata mara moja kuomba nibadilishiwe chumba.

Nahodha wetu alikuwa Karani. Simwelezi sana kwa sababu watu wengi waliyajua maisha yake kuliko mimi ninavyoyajua yangu. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule, na chumba chake cha kushonea kilitenganishwa na nyumba ya jirani kwa uchochoro mwembamba wenye madirisha ya vioo pande zote mbili. Hapo ndipo mtoto alipojifunza kutuliza mpira: ukiuacha ukuponyoke, unavunja kioo, na ukivunja kioo unachapwa na mama wawili. Alipofikisha miaka kumi na minane aliajiriwa kuwa karani wa ghala, akiandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Alikuja kwenye majaribio ya klabu akitokea kazini, na shati jeupe, na tai, na wino kwenye kidole gumba. Siku ya mechi yake ya kwanza alifunga bao, akapiga magoti, akazigonga nyasi kwa ngumi moja kama mtu anayepiga muhuri. Tangu siku hiyo uwanja mzima ulikuwa ukiimba, "Gonga muhuri! Gonga muhuri!" hata mpira ukiwa bado kwa kipa wetu.

Alicheza nje kwa miaka kadhaa, katika nchi ya baridi ambako, alivyosema mwenyewe, alijifunza kuomba mpira kwa lugha tatu na kunyimwa kwa zote. Akarudi, akatupa makombe, akawa nahodha wa timu ya taifa, na kichwa chake kikawa mtindo namba moja kwenye kuta za vinyozi. Nilipoingia klabuni alikuwa na miaka thelathini na mitano. Waandishi wakimuuliza atastaafu lini, aliwajibu, "Muulizeni goti. Mimi ni msemaji wake tu." Wote walicheka. Nami nilicheka.

Mtu wa pili katika habari hii ni beki wetu wa kushoto. Alikuwa mdogo wake mke wa Karani, kwa hiyo Karani alimwita shemeji. Na kwa kuwa nahodha alimwita hivyo, timu nzima ikamwita hivyo, kisha kocha, kisha mashabiki. Mimi pia niliandika "Shemeji" juu ya michoro yangu. Alikuwa mtu mkimya, mwenye miaka ishirini na tisa, ambaye hakuwahi kuchelewa mazoezini wala kutajwa redioni. Lakini kwa utani hawakuwezana.

"Pasi gani hiyo, Shemeji?" nilimsikia Karani siku moja akimpigia kelele kwenye korido. "Unataka nife dada yako abaki mjane?"

"Nimekupa dada, bado unataka na pasi nzuri?" Shemeji akamjibu. "Chagua moja, bwana. Mimi si ghala."

Katikati ya msimu uongozi uliamua kupunguza kikosi, na kocha akatakiwa aache wachezaji watatu. Wawili hawakuwa na utata. Majeraha yao yalikuwa yamekwisha kuamua. Kuhusu wa tatu aliniomba taarifa. Kocha alikuwa mtu wa maneno machache, aliyevaa kipenga shingoni hata akiwa amekaa ofisini, na ninakumbuka jinsi alivyoipokea michoro yangu kwa ncha za vidole, kama mtu anayepokea sahani ya moto.

Michoro ilisema wazi. Karani, kwa umri wake, alikuwa akikimbia mazoezini kuliko karibu wachezaji wote. Moyo wake ulipanda na kushuka kama wa kijana. Shemeji alikuwa amedorora tangu mwanzo wa msimu. Umbali ulipungua, mbio za kasi zilikatika kabisa, na moyo wake ulichelewa kutulia kila alipojaribu kuharakisha.

"Sielewi," kocha alisema. "Huyu kijana namwona anakimbia kila siku. Nahodha ndiye ninayemwona anatembea."

"Unamwona akitembea kwa sababu macho yako yako kwenye mpira," nikamjibu. "Mpira ukiwa mbali, yeye anafanya kazi na wewe humwoni. Namba zinamwona."

"Macho yangu yana miaka mingi kwenye kazi hii, mama."

"Ndiyo maana yamechoka, Kocha. Kifaa hakichoki."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali panapouma, kisha akatia saini. Kauli ile niliipenda. Nilimsimulia mume wangu jioni, na wiki iliyofuata niliitumia darasani; wanafunzi wakaiandika.

Kocha wetu alikuwa na desturi nzuri: mchezaji anayeachwa hakupewa habari kwa simu, aliitwa ofisini akaonyeshwa sababu. Kwa hiyo nilikuwepo Shemeji alipoitwa. Nikaigeuza kompyuta imwelekee, nikamfuatishia mstari kwa kalamu, ulikoanzia na ulikoishia. Aliutazama kwa muda mrefu sana. Nilidhani haelewi, nikaanza kumfafanulia upya kwa maneno mepesi.

"Nimeelewa," akasema taratibu. "Huyu amechoka kweli."

"Si jambo la kuonea haya," nikamwambia. "Mwili una umri wake."

"Nina miaka ishirini na tisa, mama."

"Kila mwili na ratiba yake."

Akanitazama usoni kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha la benki, akisubiri mhudumu ainue kichwa. Nami, ambaye kazi yangu ni kusoma watu, nilirudisha macho kwenye kompyuta. Akamgeukia kocha na kumuuliza kama nahodha amesema lolote kuhusu jambo hili. Kocha akasema hapana, nahodha ameambiwa, lakini hakusema kitu. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akatushika mkono mmoja mmoja, akatoka. Siku hiyo hiyo akakabidhi funguo za chumba chake katika bweni la wachezaji.

Haikupita wiki namba za Karani zikaporomoka. Aliyekuwa akikimbia kama kijana sasa alikuwa akijikokota, na moyo wake ulichelewa kutulia kila alipojaribu kuharakisha. Mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu angejiuliza maswali. Mimi nilihitimisha kwamba kidude kimeharibika. Nilikisafisha kwa pamba, nikakibadilisha, nikawaandikia watengenezaji nikilalamikia ubora wa kazi yao. Nilishuka hata chumbani kuwaeleza wachezaji kwamba kifaa cha nahodha kina hitilafu, wasishtuke.

"Hata mashine imefiwa!" winga mmoja akasema. "Mama Namba, kidude kinamlilia Shemeji. Kipeleke matanga!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Karani hakucheka. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu ambazo, ninavyokumbuka sasa, zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Kidude kipya kilinipa majibu yale yale. Ndipo nilipofanya jambo ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angelifanya siku ya kwanza: niliweka mistari ya msimu huu juu ya mistari ya msimu uliotangulia. Jinsi moyo unavyotulia baada ya mbio ni kama mwandiko. Mtu anaweza kukimbia zaidi au kupungukiwa, lakini namna ya kutulia ni yake. Hadi Shemeji alipoachwa, mwandiko wa Karani wa msimu uliotangulia haukuwa kwenye kidude cha Karani msimu huu. Ulikuwa kwenye kidude cha Shemeji. Na ule moyo imara niliokuwa nikiusifia, ulioshuka kwa ngazi tatu na kusita kidogo kwenye ya pili, ulikuwa wa Shemeji tangu siku alipojiunga na klabu. Walikuwa wakibadilishana vidude. Nilimwachisha mtu kazi kwa uchovu wa goti la mwenzake.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka papo hapo nikaenda kwa kocha. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba ushahidi hautoshi, kwamba inafaa nikusanye vipimo zaidi, kwamba mtafiti makini hakurupuki. Hayo yote ni mambo ninayowafundisha wengine, na siku zile niliyatumia kujifunika kama shuka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiwaza sura ya kocha, na ile kauli yangu kuhusu macho yaliyochoka, na jinsi habari hizo zingefika chuoni kabla yangu. Wakati huo huo dirisha dogo la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa. Likishafungwa Ijumaa jioni, Shemeji asingeweza kurudishwa katika kikosi chetu wala kuchukuliwa na timu nyingine ya ligi hadi msimu uishe. Na beki wa miaka ishirini na tisa anayekaa nje nusu msimu kwa sababu ya uchovu ulioandikwa na mtaalamu, hapigiwi simu tena na mtu.

Alhamisi adhuhuri nikapiga moyo konde, nikaenda. Lakini sikwenda kwa kocha. Nilikwenda nyumbani kwa Karani.

Mke wake alinifungulia. Alikuwa akipiga pasi sare za watoto wao pacha, na sebule ilinuka nguo za moto. Vikombe vya fedha vilijaa kabati la vioo, na juu ya kimojawapo mtu alikuwa ametundika kofia ya mtoto.

"Karibu, mama, karibu sana," akasema. "Baba Pacha yuko juu. Msamehe, siku hizi kushuka ngazi ni safari. Anasema anabana misuli makusudi, eti ni mazoezi." Akacheka. "Mdogo wangu hayupo. Ameenda kiwandani kuulizia kazi ya kupakia mizigo. Tangu amwage unga huko kwenu amehamia chumba cha nyuma, kazi yake kulala na kuamka."

Karani alishuka kwa ubavu, mkono mmoja kwenye ukuta na mwingine kwenye mbao za ngazi, akitanguliza mguu ule ule mmoja kila hatua. Nilikuwa nimemwona mtu yule kwa miaka miwili, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama akitembea. Aliponiona akasimama wima, akatabasamu lile tabasamu la kwenye mabango.

"Mama Namba! Umenifuata na mzani hadi nyumbani?"

Mke wake akarudi chumba cha pili na pasi yake. Nikangoja asikike ameanza tena, kisha nikamuuliza Karani moja kwa moja: "Kidude chako alikuwa akikivaa nani?"

Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda baada ya kuishiwa kazi. Kisha akaketi, akaunyoosha mguu mbele yake kama mtu anayetua mzigo.

"Ilikuwa wiki moja tu," akasema kwa sauti ya chini. "Goti lilivimba kabla ya msimu kuanza. Daktari angeniona, angeniweka nje. Na kwa umri wangu, mama, ukishawekwa nje hurudishwi. Unakatiwa keki, unapewa saa ya ukutani. Nikamwambia, Shemeji, nisitiri wiki moja. Akacheka. Akasema, 'Nitakukimbilia, ila usimwambie dada kwamba nakubeba.' Wiki ikazaa wiki."

"Na ulipoambiwa anaachwa?"

Akalikanda goti kwa vidole. Chumba cha pili pasi ilikuwa imenyamaza, lakini sikulitilia maanani.

"Nilidhani kocha atabadili mawazo," akasema. "Halafu nikadhani atapata timu haraka, beki mzuri hakosi timu. Halafu kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ile ya kabla." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Napigiwa makofi tangu nina miaka kumi na minane. Sijui mtu anakaaje ndani ya chumba kisicho na makofi. Kweli sijui."

"Shemeji alikuwa akijua kukaa humo," nikasema.

"Kumbe," sauti ikasema nyuma yangu.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sare ndogo mkononi. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe kwa utulivu, na mimi ningekubali kupigiwa kelele kuliko ule utulivu.

"Kila asubuhi namwita mdogo wangu mvivu," akasema. "Namwambia, ungejituma kama shemeji yako usingefukuzwa. Namtolea mfano wako, Baba Pacha. Mezani, mbele ya watoto. Na wewe umekaa hapo hapo, unaniomba nikusogezee chumvi."

"Mama Pacha, nisikilize..."

"Ananitazama tu. Nikadhani ni kiburi. Kumbe miguu yake umevaa wewe."

Karani akaangalia sakafu. Mtu niliyewahi kumwona akitulia mbele ya mashabiki elfu kadhaa wanaomzomea, hakuweza kuinua macho mbele ya mwanamke aliyeshika sare ya shule. Nilijiona niko mahali nisipostahili kuwa, nikasema haraka kwamba dirisha linafungwa kesho jioni, na kwamba kocha lazima aambiwe kabla ya hapo.

"Nipe hadi Jumatatu," Karani akasema. "Nicheze mechi ya Jumapili, niage vizuri, nitakwenda mwenyewe."

"Jumatatu haitamsaidia."

"Ukisema, mama, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wangu," mke wake akamjibu kabla yangu. "Ukibahatika."

Karani akanigeukia mimi, na katika sauti yake hapakuwa na hasira. "Na wewe utakuwa nani, Mama Namba? Mimi nilikaa kimya, sawa. Lakini kocha hakumwacha kwa ukimya wangu. Alimwacha kwa maneno yako."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikwenda kwake badala ya kwenda kwa kocha. Nilikuwa nikitumaini, bila kujikubalia, kwamba yeye ndiye angekwenda kusema, ili kosa langu lionekane kipande kidogo tu cha kosa lake. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunitangulia. Mke wake alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono kwa adabu ile ile aliyonikaribisha nayo, na adabu ile ilinichoma njia nzima.

Ijumaa asubuhi niliingia kwa kocha kabla hajavua koti. Nilimwonyesha mistari, wa juu na wa chini, nikamweleza kwamba yule niliyependekeza aachwe ndiye aliyekuwa akikimbia, na kwamba alipoona kwa macho yake nilimwambia asiyaamini. Nilijizuia nisitaje sababu yoyote ya kunipunguzia. Nilipokuwa ninaendelea, mlango ukagongwa, akaingia Karani. Siku hiyo hakujificha. Alichechemea kutoka mlangoni hadi mezani, na ilikuwa safari kweli. Akapandisha suruali hadi juu ya goti. Lilikuwa limevimba, limepoteza umbo, na ngozi yake ilikuwa inang'aa.

"Ni mimi, Kocha," akasema. "Nilimwomba, akakubali. Ulipomwacha, nikala jiwe."

Kocha alilitazama goti kwa muda. Kisha akasimama, akatembea hadi dirishani, akarudi.

"Nilikuona unatembea," akasema. "Nilikuona! Kila siku!" Akanigeukia. "Macho yangu yamechoka, eh? Si ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndivyo," nikasema.

"Na mimi nikasaini. Kwa macho yangu haya haya." Akaketi kwa kishindo. Hakutukana. Alichukua simu, akapiga, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya kusikika kwa wote. Iliita kwa muda mrefu. Shemeji alipopokea, nyuma yake kulisikika kelele za mashine na watu wakiitana.

"Niko kazini, Kocha. Nimeanza leo."

Kocha akamweleza kwa maneno machache, akamwambia fomu ziko tayari, na kwamba ofisi za ligi zinafungwa jioni. Akamuuliza kama atarudi. Zile kelele zikaendelea. Nilimwona Karani akishika ukingo wa meza.

"Nitarudi," Shemeji akasema. "Mpira ndiyo kazi yangu, sijaiacha mimi. Nani mwingine yuko hapo?"

"Yupo nahodha."

Karani akaisogelea simu.

"Shemeji," Karani akasema. "Shemeji, nimekukosea. Nimekukosea mbele ya dada yako."

"Hilo tutalizungumza nyumbani," akajibiwa. "Si kwenye simu ya kocha. Mama Namba naye yupo?"

"Nipo," nikasema.

"Mama, siku ile nilikusubiri. Nisingemtaja shemeji yangu mwenyewe, hilo nisingeweza. Lakini ungeniuliza tu, 'Hii ni yako?', nisingekudanganya. Ulinieleza mwili wangu mwanzo hadi mwisho, hukuniuliza hata swali moja."

Nilimwambia kwamba ni kweli, na kwamba naomba radhi. Akasema, "Haya, mama," kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu, akakata simu ili akamuage msimamizi wake.

Usajili ulikamilika mchana huo. Karani hakucheza mechi ya Jumapili. Baada ya wiki chache alitangaza kustaafu, na sababu iliyotolewa ilikuwa goti, jambo ambalo halikuwa uongo. Klabu ilimwandalia siku ya kuagwa. Uwanja ulijaa, watu walilia, watangazaji walisimulia habari za ghala, na tai, na wino kwenye kidole gumba. Mkewe alikaa jukwaani na watoto, akapiga makofi kwa kipimo. Shemeji alisimama kwenye mstari pamoja na wachezaji wengine, akampa mkono nahodha wake ilipofika zamu yake, wala si kabla. Nami nilipiga makofi, kwa kuwa mtu asiyepiga makofi angeulizwa sababu, na kati ya watu wote waliokuwa uwanjani ni wachache sana tuliokuwa tukiona haya.

Nilimwomba kocha aniache niondoke. Akanikatalia, akisema kuondoka kungekuwa rahisi mno kwangu. Shemeji alimaliza msimu akiwa beki wetu wa kushoto. Amepanga nyumba yake upande mwingine wa mji, na dada yake ndiye anayemfuata huko. Karani bado hajakaribishwa. Mimi siku hizi sipeleki kwa kocha taarifa ya mchezaji yeyote kabla ya kukaa naye, kumsomea nilichoandika na kumuuliza kama ni chake.